Gia ya tano haipandi mlima
Maswali yenu kuhusu maneno ya gereji yaliyohamia kwenye mazungumzo

SWALI. *Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameandika hivi katika insha: "Mtihani ulipokaribia nilitia gia ya tano, nikaupanda mlima wa hesabu." Nilimpa alama ya tamathali. Mwalimu mwenzangu mwenye gari anasema nilipaswa kumkata. Nani ana haki?* (Mwalimu wa Kiswahili, Buruburu)

JIBU. Mwenzako ana haki, Mwalimu, ingawa kosa la mwanafunzi linaeleweka. Kitenzi amekiteua vizuri, kwa kuwa gia hutiwa, huingizwa, hubadilishwa. Kilichomponza ni namba. Tano ni kubwa kuliko moja, basi akadhani gia ya tano ndiyo yenye nguvu kupita zote. Ndani ya giaboksi mambo ni kinyume.

Injini ya gari dogo huzunguka upesi sana lakini haina msuli wa kutosha kusukuma gari kutoka pale liliposimama. Gia hufanya biashara ya kubadilishana: hutoa mizunguko, hupokea nguvu. Katika magari mengi madogo ya petroli, uwiano wa gia ya kwanza ni karibu 3.5, maana yake injini izunguke mara tatu na nusu ndipo shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Gia ya tano ni karibu 0.8. Baada ya hapo mzunguko hupita kwenye difu, ile gia ya mwisho kabla ya magurudumu, ambako hupunguzwa tena karibu mara 4. Sasa piga hesabu. Katika gia ya kwanza injini inazunguka mara 14 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu; katika ya tano ni mara 3 na kidogo. Injini ikitoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni-mita (Nm) 100, magurudumu yatapata kama 1,400 katika gia ya kwanza, na 320 tu katika ya tano, kabla hujatoa kile kinacholiwa na msuguano. Ni zaidi ya mara nne.

Chukua Probox iliyojaa viazi inayotoka Mai Mahiu kupanda kuelekea Rironi. Dereva aking'ang'ania gia ya tano, kwanza gari zima litaanza kutetemeka, kisha injini igonge kama mtu anayepiga debe kwa nyundo, mshale wa joto upande, na mwisho izimike katikati ya barabara na lori nyuma yake. Ndiyo maana madereva huziita gia za chini "gia nzito": ndizo za kubebea mzigo.

Kwa hiyo mwanafunzi wako angeandika: "Mtihani ulipokaribia nilirudi gia ya pili, nikaupanda mlima wa hesabu hatua kwa hatua." Hapo picha inasimama, tena ni nzuri zaidi, kwa sababu inaonyesha mwendo mdogo na nguvu nyingi, na hivyo ndivyo hesabu inavyopandwa. Gia ya tano nayo ina mahali pake. Ni ya mtu ambaye kazi yake imekwisha kushika kasi: "Kufikia muhula wa pili alikuwa ameshaingia gia ya tano." Katika gia hiyo gari huenda mbio huku injini ikizunguka polepole, kelele kidogo, mafuta kidogo. Anayehangaika hayuko gia ya tano.

Mpe alama ya msamiati, Mwalimu, umnyime ya taswira, na umwambie sababu.

SWALI. *Meneja wetu akikasirika husema idara yetu "klachi imeisha". Wengine tunadhani anatuita wavivu. Anatutukana?* (Msomaji, Upper Hill)

JIBU. Hapana, dada. Kama anaijua klachi, anasema karibu kinyume cha uvivu. Gari ambalo klachi imeisha lina injini nzima inayonguruma kwa bidii zote. Shida ni kwamba ile bidii haifiki kwenye magurudumu.

Klachi ni sahani iliyobandikwa kitu kigumu chenye kukwaruza pande zote mbili. Hubanwa kati ya flaiwili, ambalo ni gurudumu zito lililoshikamana na injini, na presha pleti yenye springi. Ukiachilia pedali, springi inaibana sahani na vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga, sahani inaachiliwa, injini inazunguka peke yake, nawe unapata nafasi ya kubadili gia. Sahani ikilika, springi inakosa kitu cha kubana. Inaanza kuteleza.

Dalili yake ya kwanza huonekana mlimani. Unapandisha Museum Hill kwa gia ya tatu au ya nne, unaongeza mafuta, mshale wa mizunguko unaruka kutoka 2,000 hadi 3,500, na ule wa mwendo umekaa pale pale. Muda si mrefu inakuja harufu ya kuungua, kavu, ya kukera koo, ambayo ukishaikuta mara moja huisahau. Pedali nayo inashika juu kabisa, karibu uiachilie yote. Kipimo cha kuhakikisha ni hiki: gari liwe mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta handibreki kikamilifu, tia gia ya tatu, weka mizunguko 1,500, kisha achilia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini hapo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, klachi imekwenda. Fanya mara moja tu. Ukirudia rudia utaimalizia ile kidogo iliyobaki.

Mara nyingi anayeimaliza klachi ni mguu wa dereva. Kwenye foleni ya Waiyaki Way au ya Jogoo Road, mtu anaacha mguu umelala juu ya pedali saa nzima, hajakanyaga, hajaachilia. Au amesimama kwenye mwinuko, na badala ya kuvuta handibreki analishikilia gari kwa klachi na mafuta. Nusu kubanwa, nusu kuachwa: hapo ndipo sahani inapoungua. Mara chache chanzo ni oili inayovuja kutoka sili (pete ya kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, na kuilowesha sahani. Huo ni ugonjwa mwingine, na ukibadilisha klachi bila kuibadilisha sili utarudi gereji mapema sana.

Kwa wanaotaka kujua matengenezo: kazi kubwa ni kuishusha giaboksi, kwa hiyo ikishashuka badilisha vitu vitatu kwa pamoja, yaani klachi pleti (ile sahani), presha pleti na rilizi beringi, ambayo husukuma springi ukikanyaga pedali. Fundi akikushauri uokoe pesa kwa kuacha beringi ya zamani, kataa. Ikianza kulia utalipa ushushaji wa giaboksi mara ya pili kwa kitu kidogo kuliko vyote. Flaiwili ikaguliwe kama ina mikwaruzo mirefu au madoa ya buluu ya joto. Ukinunua klachi pleti iliyotumika kule Kirinyaga Road, usitazame usafi wake. Pima kina kutoka uso wa sahani hadi kichwa cha ribiti. Kwa magari mengi madogo, kikipungua hadi mm 0.3 hiyo sahani imekwisha, hata iwe inang'aa namna gani.

Turudi kwa meneja wako. Anaposema klachi imeisha, anaona idara yenye mikutano, barua pepe, watu wanaokaa hadi saa mbili usiku, na kazi haisogei. Ni picha sahihi na ina huruma ndani yake, kwani hailaumu injini. Ila aifuate hadi mwisho na aulize mguu ulikuwa wa nani. Bosi anayetoa kazi kisha akazuia idhini, hajakabidhi wala hajanyang'anya, ameukalia ule pedali. Mkimwambia hivyo kwa adabu, kwa lugha yake mwenyewe ya gereji, huenda akasikia.

SWALI. *Shemeji yangu wa Arusha ameniandikia kwamba wazee "wamebadili gia angani" kuhusu harusi. Gari gani linabadili gia angani? Na mbona Watanzania wakisema mtu "ana gia" wanaonekana kumaanisha kitu kingine?* (Msomaji, Kayole)

JIBU. Kubadili gia angani ni kugeuza mpango ambao umekwisha kuanza, katikati ya safari, bila kusimama. Shemeji yako anakuambia kwamba vikao vilikuwa vimemalizika, kadi labda zimechapishwa, na sasa jambo moja kubwa limegeuka: tarehe, mahali, au hata bibi harusi. Mpigie simu kabla hujanunua nguo.

Msemo huu ulivuma sana katika siasa za Tanzania mwaka 2015. Mnamo Julai mwaka huo Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2005 hadi 2008, alikihama chama cha CCM na kupokewa na Chadema, kisha akawa mgombea urais wa muungano wa upinzani. Chama ambacho kilikuwa kimemkosoa kwa miaka kikamsimamisha yeye, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Oktoba. Kitendo hicho kikaitwa kubadili gia angani, na tangu hapo hata mama mboga akibadilisha kutoka sukuma kwenda spinachi ataambiwa hivyo hivyo.

Kiufundi msemo hausimami, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Rubani hana gia za kuchagua mwendo kama za gari. Huongeza au hupunguza nguvu za injini kwa wenzo. Gari nalo likiruka tuta na kuwa hewani, kubadili gia hakulisaidii kitu mpaka magurudumu yaguse chini. Basi anayebadili gia angani anafanya uamuzi wakati ambapo hana barabara chini yake, na hajui litakapotua litakuwaje. Kwa hiyo usiutumie kwa mabadiliko ya kawaida yaliyopangwa. Aliyehama kutoka kazi moja kwenda nyingine baada ya kutoa notisi ya mwezi mzima hakubadili gia angani. Alibadili gia tu.

Kuhusu maana ile nyingine: Tanzania neno gia hutumika mitaani kwa maana ya kisingizio au mbinu ya kuingilia. "Alikuja kwa gia ya kuulizia chumba cha kupanga" ni kwamba chumba hakikuwa haja yake. Huenda picha ni ya dereva anayechagua gia ya kuondokea. Nairobi matumizi haya si ya kawaida, na ukiyaandika kwa wasomaji wa huku yafafanue kidogo.

SWALI. *Naendesha lori la magurudumu mengi. Turnboy wangu, yaani utingo, anashikilia kwamba nikiteremka na fri, bila gia yoyote, naokoa dizeli. Halafu binti yangu anasema "fri" si Kiswahili. Nani mkweli?* (Dereva, Mlolongo)

JIBU. Binti yako tutamjibu mwishoni. Turnboy tunamjibu sasa, kwa sababu hili linaua watu.

Lori la tani 30 likiteremka kimo cha mita 300, nishati inayopaswa kumezwa mahali fulani ili lisiongeze kasi inatosha kuchemsha lita 260 za maji ya bomba. Ndoo 13 za lita 20, zote zitokote. Ukiwa na fri, joto hilo lote linaingia kwenye breki, maana hakuna mwingine wa kulibeba. Ngoma za breki zinapanuka na kusogea mbali na viatu vyake, bitana za breki zinapoteza ukali wa kushika, na mguu wako unakanyaga zaidi na zaidi ukipata kidogo na kidogo. Kwa breki za upepo kuna la pili: kila unapokanyaga na kuachia unatumia hewa ya tangi, na injini iliyo kwenye fri inazunguka polepole kiasi kwamba kompresa inashindwa kurudisha hewa haraka.

La tatu ndilo baya kuliko yote. Ukishtuka katikati ya mteremko ukataka kurudisha gia, haiingii. Magurudumu yanazungusha upande mmoja wa giaboksi kwa kasi kubwa, injini iko chini kabisa upande wa pili, na meno hayakubali kukutana. Utasikia mkwaruzo tu. Kule Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, malori mengi yamepoteza breki kwa mtindo huu, na mteremko wa Mai Mahiu hauna huruma zaidi.

Na dizeli haiokolewi. Injini ya kisasa yenye kompyuta, ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka fri, injini inalazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Turnboy wako anakufanya utumie zaidi.

Chagua gia kabla mteremko haujaanza, palipo tambarare. Kanuni ya wakongwe kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia ni mwanzo mzuri. Lori la siku hizi lenye injini kubwa linaweza kupanda kwa gia nyepesi kuliko inayofaa kuteremkia, kwa hiyo shuka gia moja zaidi kama limejaa. Washa breki ya ekzosi, ile inayobana njia ya moshi ili injini ilizuie lori. Breki ya mguu ikanyage kwa uthabiti upunguze kasi, kisha uiachie ipoe. Usiilalie njia nzima. Ukinusa harufu ya breki tafuta mahali pa kusimama, weka jiwe au kigingi kwenye tairi, na usimwage maji juu ya ngoma yenye moto, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka.

Sasa neno. "Fri" limeshika sana kwenye usemi wa madereva na hatuoni sababu ya kuligombania barabarani. Katika maandishi rasmi, kama ripoti ya ajali, andika "lori lilikuwa linateremka bila gia". Kila mtu ataelewa, hata hakimu. Kwa mafumbo, mtu aliye kwenye fri ni yule anayesonga kwa sababu tu njia inateremka: "Tangu babake amwachie duka, anaenda na fri." Ni sentensi nzito. Anayeitamka anajua kwamba mteremko una mwisho.

SWALI. *Magazeti huandika "mheshimiwa apiga rivasi". Je, ni lugha nzuri? Na kwa nini rivasi ya gari langu hulia wiii hata baada ya kubadilisha oili?* (Msomaji, Ongata Rongai)

JIBU. Ni lugha nzuri kwa kichwa cha habari, mradi mheshimiwa alisimama kwanza. Rivasi haiingii gari likiwa mbioni. Aliyegeuka huku akiendelea kupiga kelele zile zile amepiga kona. Ukitaka neno tulivu, "kughairi" linatosha, na "kurudi kinyumenyume" linafaa kwa anayerudi kidogo kidogo akitazama nyuma.

Mlio wa gari lako ni wa kawaida. Gia za kwenda mbele hukatwa meno ya mshazari, ambayo hugusana taratibu na kimyakimya. Katika giaboksi nyingi rivasi ina meno yaliyonyooka, na kila jino linapokutana na mwenzake linagonga. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni mkwaruzo wakati wa kuingiza. Simama kabisa, kanyaga klachi hadi chini, hesabu hadi tatu, kisha tia rivasi. Ikiingia kimya, ulikuwa na haraka tu. Ikikataa, tia gia ya kwanza halafu jaribu tena. Ikizidi kukwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii sawasawa: tazama kwanza kiwango cha maji ya klachi, kisha kama kuna uvujaji kwenye silinda ndogo iliyo karibu na giaboksi. Kama uliibadilisha oili karibuni, uliza pia ilikuwa ya daraja gani. Giaboksi inayotaka GL-4 ikitiwa GL-5, kemikali zilizomo kwenye oili hiyo zinaweza kula pete za shaba ya manjano zinazosaidia gia kuingia, na zikilika hazirudi. Daraja limeandikwa kwenye kopo; linganisha na kitabu cha gari.

SWALI. *Tuseme "gia mbili" au "gia ya pili"?* (Msomaji, Umoja)

JIBU. Ni vitu viwili tofauti. "Gia ya pili" ni moja, ile inayofuata ya kwanza. "Gia mbili" ni idadi. Ukimpigia fundi simu ukamwambia "gia mbili haziingii", atadhani umepoteza gia zinazosukumwa na uma mmoja ndani ya giaboksi, kwa mfano ya tatu na ya nne, na ataanza kutafuta uma uliopinda au kebo iliyochomoka. Ukimwambia "gia ya pili haiingii", atafikiria pete ya gia hiyo peke yake. Mwambie ipi, na umwambie pia kama inakataa gari likiwa baridi, likiwa moto, au wakati wote.